Meza Niliyomtengenezea Bwana Miti

Mwanaidi mwanangu,

Uko ndani, hatua kumi kutoka hapa nilipokaa, na nasikia unavyocheka na wanawake wanaokupaka hina. Kesho asubuhi watakuchukua kwenda Vihingo kwa mumeo, nami kwa desturi nitabaki nyumbani. Nimeona nikuandikie. Uso kwa uso nimeshajaribu mara mbili mwezi huu, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza kama kuku wamefungiwa.

Mambo ya kukaa na mume, ya kuwaamkia wakwe, ya jikoni na ya chumbani umeshafundwa na somo yako na shangazi zako. Sina cha kuongeza, na nikiongeza nitakosea. Ninalo jambo moja tu, nalo ni jambo nililolifanya. Utalisikia Vihingo kabla hina haijafutika mikononi, na watakaokusimulia wanajua nusu yake. Nusu nyingine tuliijua wawili, mimi na marehemu mama yako. Sasa nimebaki peke yangu.

Mtani wangu Maganga kapita sasa hivi, kaniona nimeinamia karatasi juu ya benchi la kazi. Unamjua Mnyamwezi yule.

"Unaandika nini, Mzaramo? Hirizi?"

"Barua."

"Ya nani?"

"Ya Mwanaidi."

"Mwanaidi si yumo ndani? Siku hizi umekuwa Bwana Shauri wa bomani, nyumba yako mwenyewe unaipelekea barua?"

"Pita zako, mpagazi we, mzigo wako utachelewa."

"Ukifa wewe tutakukunja miguu kama meza zako, tukuegemeze ukutani," akasema, akaenda zake anacheka. Nami nilicheka. Kisha nikaona amenena kweli, kwamba namwandikia mtu ninayesikia sauti yake. Ndivyo nilivyo, mwanangu. Mbao naweza kuinyoosha kwa mkono, neno linanishinda.

Ulizaliwa hapa Kibaha, ukakua ukidhani sisi ni watu wa barabara hii ya Morogoro. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini wenzako wanakwenda kwa babu zao sikukuu ya Idi na sisi hatuendi Vihingo. Nikakwambia njia ni mbovu. Njia ni mbovu kweli, lakini watu huipita kila siku.

Kule Vihingo nilikuwa fundi, na nilikuwa fundi hodari. Nalisema hili bila haya kwa sababu ndilo chanzo cha mabaya yote. Nilifundishwa na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya useremala misheni, Maneromango. Alinifundisha vitanda, milango na masanduku, lakini nilichokipenda mimi ni meza ya kukunja. Umeniona nikizitengeneza maisha yako yote, kwa hiyo umeacha kuzitazama. Siku moja itazame. Miguu minne, kila miwili imekatana kama mkasi na kushikwa na pini ya chuma, na juu ubao wa vipande viwili vilivyoungwa kwa bawaba, vikikunjwa vinafungana kama kitabu. Cherehani inakaa juu yake barazani, jioni fundi nguo anaikunja na kuiingiza ndani. Mwenye duka anaibeba kichwani kwenda gulioni. Mtu ambaye nyumba yake ni chumba kimoja anakuwa na meza na nafasi ya kulala.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo pote. Meza ya kawaida huvumilia mbao mbichi. Ikikauka ikapinda, unatia kijiti chini ya mguu, maisha yanaendelea. Meza ya kukunja haivumilii. Mbao ikipinda upana wa ukucha tu, miguu inakwama, na meza haifunguki wala haifungiki. Kwa hiyo mbao zake lazima ziwe zimekaa kivulini miezi mingi, zimekauka hadi ndani. Mwalimu wangu alikuwa akizigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza mlio.

Mwaka huo, ambao ulikuwa kabla ya vita, alikuja kwetu mzungu wa idara ya misitu. Watu walimwita Bwana Miti. Alikuja na hema, wapagazi na karani wa kutafsiri, kupima pori la upande wetu. Meza yake ya safari ilikuwa imevunjika njiani. Jumbe akamwambia, bila kuniuliza, kwamba hapa kijijini yupo fundi anayetengeneza meza za kukunja nyumbani kwake, tena nzuri kuliko za Ulaya. Bwana Miti akanipa siku tano.

Mwanaidi, nyumbani nilikuwa na mbao za mvule zilizopasuliwa mwezi uleule. Zilikuwa na maji ndani yake. Ningeweza kumwambia Jumbe kwamba sina mbao kavu. Maneno matatu. Lakini Jumbe alikuwa ameshasema nzuri kuliko za Ulaya, na mimi niliyapenda maneno yale kuliko nilivyompenda Jumbe.

Ng'ambo ya kijito, nyuma ya mashamba, palikuwa na makaburi ya wazee wetu. Bibi yako, mama yangu, amelala pale. Pale palikuwa na mninga uliokufa ukiwa umesimama, miaka mingi umekaukia hapohapo, hauna jani wala gome. Hapakuwa na mbao kavu kuliko ile wilaya nzima. Na hapakuwa na mtu aliyeigusa, kwa sababu kwetu mti wa makaburini haukatwi. Hata tawi lililoanguka lenyewe haliokotwi kuni. Ukiwa na haja nao unakwenda kwa wazee, mnakwenda pamoja na unga na maji, mnaomba, na wakikubali mnaambiwa cha kufanya.

Mama yako aliniambia, "Mwenzangu, nenda ukaombe. Mti ule una wenyewe."

Nikamjibu, "Siku tano hazitoshi kuomba."

Wazee wangenipa, pengine. Hilo ndilo linalonitafuna mpaka leo. Si kwamba nilinyimwa nikaiba. Sikuomba.

Alfajiri, ukungu haujainuka, tulikwenda wawili. Msumeno mrefu unahitaji watu wawili, na sikuwa na mtu mwingine ninayeweza kumwambia anyamaze. Mama yako alishika upande wa pili akavuta, na machozi yalimtoka tangu mwanzo hadi mwisho. Nilimwona. Nilimwambia avute sawasawa, msumeno unapinda. Kisiki tulikifukia kwa udongo na matawi makavu. Nilijiambia kwamba tambiko bado lina miezi, na watakapokuja watadhani mti ulianguka na mchwa wakaumaliza.

Meza ile ilikuwa nzuri. Nimetengeneza nyingi baada yake na hakuna iliyoifikia. Ilifunguka kwa kidole kimoja.

Siku ya tano niliipeleka hemani. Palikuwa na Jumbe, palikuwa na wazee wa kijiji, na pamoja nao Mzee Shomari, baba mkwe wako wa kesho. Wakati ule alikuwa kijana kama mimi, shamba lake limepakana na letu kule ng'ambo ya kijito. Bwana Miti aliifungua meza, akaifunga, akaifungua tena, anacheka kama mtoto aliyepewa firimbi. Wazee nao wakacheka. Kisha akapitisha kiganja juu ya ubao, akasema kitu, na karani akakitafsiri.

"Bwana anauliza, mninga mkavu namna hii umeupata wapi? Mti huu ulikuwa wa nani?"

Wazee wote walikuwa wananitazama. Wananitazama kwa fahari, mwanangu, si kwa shaka. Nikasema, "Kule ng'ambo ya kijito, Bwana. Ni porini. Hakuna mwenyewe."

Karani akatafsiri. Bwana Miti akaacha kucheka, akachukua karatasi.

Shomari akasema, kwa upole, kama mtu anayemsahihisha nduguye aliyeteleza ulimi, "Kondo, kule si pori. Kule tumepumzisha mashamba."

Karani akanigeukia. "Fundi, wewe ndiye unayekata miti huko. Huyu anasema ni mashamba. Ni mashamba au ni pori?"

Nilifikiri haraka. Nikisema ni mashamba, watauliza ni shamba la nani, na mwenye shamba atasema hakuwa na mninga. Wataulizana mninga mkavu ulikuwa wapi, na wote wanajua ulikuwa mmoja tu.

"Ni pori," nikasema.

Mara ya kwanza lilinitoka. Mara ya pili nililisema. Nataka ulijue hilo, kwa sababu nimeishi miaka yote hii nikijaribu kuyafanya mawili yawe moja.

Bwana Miti alitandaza ramani yake juu ya meza yangu, ikatosha vizuri, akachora.

Sisemi kwamba msitu wote wa serikali ulichorwa kwa neno langu. Serikali ilikuwa na haja yake, na walikuja na kalamu mkononi. Mpaka ungepita mahali fulani, kwangu au kwa mwingine. Lakini nguzo zilipokuja kusimikwa, zilipita upande wetu wa kijito. Mashamba yaliyopumzishwa yote yakawa ndani, na mikorosho ya Shomari, na makaburi. Wazee walipokwenda kulalamika, karani aliwafungulia daftari, akawaambia, "Fundi wenu mwenyewe alisema ni pori. Aliulizwa mara mbili."

Waliambiwa wavune kilichokuwemo na wasipande tena. Akawekwa askari wa msitu. Kwenda kutambika kukahitaji ruhusa, na ruhusa ikahitaji safari ya kwenda Kisarawe. Baba yake Shomari alifariki masika yaliyofuata. Alikuwa ameonyesha kwa fimbo yake mwenyewe mahali atakapolala, kando ya baba yake. Walikataliwa. Akazikwa upande huu wa kijito, peke yake, kwenye mchanga mtupu. Nilikwenda mazikoni. Nilipochukua jembe, Shomari alilishika mpini, akalitoa mikononi mwangu bila kuvuta, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Watu wote waliona.

Kijiji kikasema nilihongwa. Wengine walisema nilipewa bunduki, wengine nguo, wengine kwamba nimeahidiwa kuwa jumbe. Nami niliwaacha waseme. Unaweza kulielewa hilo? Niliona afadhali niitwe mla rushwa kuliko wajue nililala na usingizi ukanipata baada ya kuukata mti wa juu ya mama yangu. Wala rushwa wapo wengi, watu huzoea. Hili lingine halina jina. Kwa hiyo hawakuwahi kujua kwamba niliwauzia ardhi yao ili kuficha kisiki.

Tulihama kabla ya mwaka kwisha. Hatukufukuzwa. Hakuna aliyetufukuza. Ila mama yako akifika kisimani, wanawake walimaliza mazungumzo. Tukafika hapa Kibaha na kifurushi cha patasi, randa moja na msumeno. Ule msumeno mrefu niliuacha.

Kwa mama yako nilikosa zaidi kuliko kwa kijiji. Alinionya kabla, akanisaidia, akanyamaza, akahama. Kwa haya yote nilimlipa ukali. Kila alipolitaja jina la Vihingo nilitafuta kosa kwenye chakula. Wewe unakumbuka baba aliyekuwa akisusa sahani. Sasa umejua alikuwa akisusa nini. Alipougua ule ugonjwa wake wa mwisho, wewe ulikuwa umekwenda kuteka maji, akanishika mkono akasema, "Nenda ukaseme, basi. Kwa ajili yangu tu." Nikamwambia akipona tutakwenda pamoja. Nilijua haponi. Naye alijua kwamba najua. Akageukia ukutani.

Nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo, kila nilichokipata, vya dini na vya dunia, na wewe nilikufundisha kusoma mwenyewe kwa chaki juu ya vipande vya mbao. Watu wa hapa huniletea barua zao niwasomee na kuniita mtu mwenye busara. Wakiniita hivyo mimi huangalia chini, nao hudhani ni unyenyekevu.

Basi mwaka huu ukaenda Mlandizi kwa shangazi yako, kwenye Maulidi, mke wa Mzee Shomari akakuona, akapenda adabu yako, akauliza wewe ni wa nani. Akaambiwa. Nilidhani jambo litaishia hapo. Halikuishia. Mzee Shomari alikuja mwenyewe hapa kumposea mwanawe Athumani. Ulileta kahawa, ukaamkia, ukaondoka, hukusikia kilichofuata.

Alisema, "Kondo, nimekuja kuposa. Sikuja kusamehe. Usichanganye."

Nikasema nimesikia.

"Binti hana kosa. Mke wangu kampenda, mwanangu kampenda, na mimi nimemtazama nimeona ni mtu. Kosa halirithiwi kama shamba. Na shamba lenyewe halipo," akacheka kidogo, kicheko kikavu. Kisha akaweka kikombe chini. "Nieleze jambo moja tu kabla sijazeeka zaidi. Walikupa nini?"

Mwanaidi, mlango ulikuwa wazi. Mtu niliyemdhulumu amesafiri kutwa nzima, amekaa kwenye mkeka wangu, ameuliza swali lenyewe kwa mdomo wake. Hata hasira hakuwa nayo. Alitaka kujua bei tu, apate kupumzika.

Nikamwambia, "Ya kale hayapo, Shomari."

"Hayapo kwako," akasema. Akaendelea na habari ya mahari.

Niliogopa, ndiyo sababu. Niliogopa kwamba nikisema, posa itavunjika, nawe ulikuwa umeshaanza kuimba ukifagia. Angalau ndivyo nilivyojiambia. Lakini nilijiambia sababu nzuri tangu mwanzo. Alfajiri ile nilikuwa nayo sababu nzuri, hemani nilikuwa nayo. Sijawahi kukosa hata siku moja.

Kwa hiyo kesho unaingia nyumba ambayo imekupokea kwa uungwana ambao baba yako hakuustahili. Mtu atakutupia neno. Si Mzee Shomari, yeye si wa vijembe. Atakuwa shangazi mmoja, au jirani kisimani: "Ndiye binti wa yule aliyekula hongo." Najua moto wako. Utataka kusema baba yangu hajawahi kula kitu cha mtu, na utakuwa umesema kweli, na kwa kweli hiyo utakuwa umenisaidia kudanganya. Usinitetee.

Nilifikiri nikuombe unisemee. Nusu ya barua hii niliiandika kwa nia hiyo. Halafu nikasikia mnavyocheka humo ndani, nikajua kwamba ningekuwa namshikisha msumeno mwanamke wa pili.

Basi nimeamua hivi. Fungate yenu ni siku saba. Siku ya nane nitakuja Vihingo mwenyewe. Sitaingia nyumbani kwako kwanza, nitakwenda moja kwa moja kwa Mzee Shomari, nimjibu swali lake mbele ya wazee watakaopenda kusikia. Watakachoamua juu yangu ni haki yao. Kwako sidhani watabadilika, maana Mzee Shomari amekwisha kusema lililo lako na lililo langu, naye si mtu wa kurudi nyuma. Lakini siwezi kukuapia. Ikiwa patakuwa na siku za uso mkavu nyumbani humo, zitakuwa zimetoka kwangu, unilaumu mimi, usimlaumu mumeo.

Ila nimekwambia mimi ni nani, na mtu aliyeshindwa mara tatu usimwamini sana ya nne. Ikifika adhuhuri siku ya nane na hujaniona, usiniombee udhuru. Usiwaambie baba ana homa. Mzee Shomari macho yake hayaoni tena maandishi. Keti karibu naye, umsomee barua hii yote, kwa sauti, hata pale ambapo sauti itakataa.

Baba yako,
Kondo